Mwokaji mikate hafunzwi kwa chaki

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi mwaka 2013, sifa za vyuo vya ufundi hazijakauka vinywani mwa viongozi wetu. Majengo yameinuliwa katika maeneo bunge ambayo hapo awali hayakuwa na chuo chochote. Mitaala imegeuzwa ili mwanafunzi apimwe kwa umilisi, yaani kwa lile awezalo kulitenda kwa mikono yake, wala si kwa lile alilolikariri. Wazazi waliokuwa wakiona haya kumpeleka mtoto kusomea upishi au uashi sasa wanauliza karo ni kiasi gani. Haya yote ni ya kupongezwa. Hata hivyo, kuna swali moja dogo ambalo wakuu wa elimu hawajaulizwa vya kutosha, nami nitaliuliza kwa kutumia kazi moja tu kati ya nyingi: mwanafunzi anayehitimu katika uokaji ameoka mikate mingapi kabla ya kukabidhiwa cheti?

Msomaji asidhani kuwa swali hili ni la mzaha. Mkate si chakula cha wageni tena katika nchi hii. Serikali ilipopendekeza katika Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 kuutoza mkate kodi ya VAT ya asilimia 16, kilio kilisikika kutoka Mombasa hadi Busia, na pendekezo hilo likaondolewa mwezi wa Juni, siku chache kabla ya mswada mzima kukataliwa kufuatia maandamano ya vijana. Miaka miwili kabla ya hapo, vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka mwezi wa Februari 2022, bei ya unga ilipanda kwa sababu sehemu kubwa ya ngano tuilayo hutoka ng'ambo, mashamba ya Narok, Nakuru na Uasin Gishu yakiwa hayatoshelezi hata nusu ya mahitaji. Katika mijadala yote miwili tulizungumzia bei. Hakuna aliyezungumzia mwokaji, kana kwamba mkate hujioka wenyewe kiwandani ukifika tu unga.

Kwa mtazamo wa juujuu, uokaji ni kazi nyepesi mno kuihitaji shule. Vitu vinavyotakikana ni vinne: unga wa ngano, maji, hamira na chumvi. Ukitaka mkate laini wa kukatwa slesi, utaongeza sukari na mafuta. Mwokaji wa kazi hupima kila kitu kwa mizani, maji yakiwemo, na hesabu yake huutegemea unga. Kwa kila kilo 10 za unga, atatia takriban kilo 6 za maji, gramu 200 za chumvi, gramu 100 za hamira kavu, gramu 400 za sukari na gramu 300 za mafuta. Jumla ni kilo 17 za kinyunya, ambazo akizigawa kwa gramu 460 atapata mikate 37, kila mmoja ukiwa na gramu 400 hivi baada ya maji kiasi kupotea tanurini. Hesabu hii mwalimu anaweza kuiandika ubaoni kwa dakika tano, na mwanafunzi akaijibu mtihanini bila kosa.

Lakini kinyunya hakisomi ubao. Hamira ni kiumbe hai, nacho huenda kwa joto. Mwokaji hutaka kinyunya chake kitoke kwenye mashine ya kukandia kikiwa na nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Kikizidi sana huumuka mbio na kupoteza ladha, kikipungua hulala. Kwa kuwa hawezi kuamuru joto la unga wala la chumba, analoweza kuliamuru ni joto la maji tu. Huchukua 26 akaizidisha kwa tatu akapata 78, kisha akatoa joto la unga, joto la chumba na joto litokanalo na msuguano wa mashine. Tuseme yuko Nairobi mwezi wa Julai, unga una nyuzi 18, chumba kina nyuzi 18 na mashine huongeza sita. Atahitaji maji ya nyuzi 36, vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Mwenzake aliye Mombasa mwezi wa Machi, unga ukiwa na nyuzi 30 na chumba nyuzi 31, atahitaji maji ya nyuzi 11. Huyo hana budi kutia barafu. Vitabu vingi vya upishi vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi humwambia mwanafunzi atie maji vuguvugu, basi. Kijana wa Likoni akifuata maagizo hayo, kinyunya chake kitakuwa kimefurika kabla hajamaliza kusafisha meza, naye atadhani amerogwa.

Aidha, Eldoret iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,100 hivi. Huko hewa ni nyepesi, maji huchemka kwa nyuzi 93 badala ya 100, na kinyunya huinuka upesi zaidi kwa sababu hewa inayokikandamiza ni kidogo. Mwokaji wa huko hupunguza hamira, huufupisha muda wa kuumua, na huchunga mkate usikauke. Unga nao hauna msimamo. Wasagaji huchanganya ngano ya humu nchini na ya kutoka nje, na mchanganyiko ukibadilika, kiasi cha maji unachonywa hubadilika pia. Gunia la leo lenye jina lile lile la juzi laweza kudai maji zaidi ama pungufu. Anayelijua hilo ni yule ambaye vidole vyake vimekwisha kukigusa kinyunya kilichokamilika mara nyingi kiasi kwamba kisichokamilika humshtua.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Zipo kazi ambazo maarifa yake huingia kwa macho na masikio. Uokaji huingia kwa kurudia. Mwanafunzi hukanda, akavuta kipande cha kinyunya kati ya vidole, akakitazama kwenye mwanga kama kimekuwa utando mwembamba usiochanika. Hukibonyeza kilichoumuka, akaangalia kama shimo linarudi polepole, linarudi ghafla au halirudi kabisa. Mara ya kwanza haoni tofauti yoyote. Mara ya kumi anaanza kushuku. Pengine mara ya arobaini anajua bila kuambiwa. Akina mama wa Pwani wanaoumua mahamri usiku ili yakaangwe alfajiri wanalijua jambo hili vizuri kuliko wakufunzi wengi wenye stashahada, ingawa hakuna aliyewahi kuwaalika chuoni wakafundishe. (Serikali imeanzisha utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ningependa kuona siku moja mmoja wao akitunukiwa cheti na kupewa kipindi.)

Sasa na tupige hesabu ambayo yapasa kupigwa kila mwaka chuo kinapotangaza kozi ya uokaji. Tuseme darasa lina wanafunzi 40. Tuseme kila mmoja atakanda mara mbili kwa wiki, kwa mihula miwili ya wiki 12. Hiyo ni mikando 48, tuifanye 50. Kila mkando uwe wa kilo mbili tu za unga, kiasi ambacho mtu anaweza kukikanda hata kwa mkono umeme ukipotea. Jumla yake ni kilo 4,000, yaani magunia 80 ya kilo 50. Mkuu wa chuo akiona karatasi hiyo atauliza kama mkufunzi ana akili timamu. Fedha za vifaa vya mazoezi hazitoshi sehemu ndogo ya unga huo, tena kuna idara za umeme, ushonaji na urembo zinazongoja zamu yao. Matokeo yake msomaji anaweza kuyakisia bila kuongozwa. Mkufunzi huoka mwenyewe mbele ya darasa. Wanafunzi husimama wameizunguka meza, walio nyuma wakichungulia juu ya mabega ya walio mbele. Baadaye hugawanywa katika makundi ya wanane kwa kila kinyunya: mmoja hupima, mmoja hukanda, mmoja husoma maagizo, mmoja hupiga picha za kuwekwa kwenye jalada la ushahidi wa umilisi, na wanne waliosalia huosha vyombo. Wote wanane huandikiwa kuwa wameoka mkate.

Simlaumu mkufunzi. Aliyepewa kilo nne za unga kwa watu 40 hawezi kufanya miujiza. Ila tusijidanganye kuwa tumeuacha mfumo wa zamani kwa kuwa tu tumebadilisha majina ya mitihani. Walimu waliokuwamo madarasani mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 watakumbuka kuwa nao uliletwa kwa ahadi ya vitendo. Kulikuwa na Sayansikimu, Kilimo, na Sanaa na Ufundi. Shule nyingi hazikuwa na karakana wala majiko, wazazi wakaambiwa wachange, mtoto akatumwa nyumbani kuleta unga na mayai. Wapo waliosoma jinsi ya kuoka keki kwa kuichora tanuri ubaoni. Masomo hayo hatimaye yalipunguzwa, na lawama ikatupiwa wingi wa masomo, ilhali tatizo kubwa lilikuwa uhaba wa vifaa. Darasa la kwanza la mtaala mpya wa umilisi lilifanya mtihani wake wa Gredi ya 9 mwaka 2025, na baadhi ya vijana hao watagonga milango ya vyuo vya ufundi muda si mrefu. Watakuwa wameahidiwa vitendo tangu shule ya msingi.

Je, unga huo wa kilo 4,000 utatoka wapi? Jibu langu ni kwamba tayari umenunuliwa, ila umepitia mlango mwingine. Chuo chenye wanafunzi 1,500 wanaokula kifungua kinywa bwenini, kila mmoja akipewa robo ya mkate, hutumia mikate 375 kila asubuhi. Darasa letu la watu 40, likikanda kilo 80 kwa siku ya mazoezi, litatoa mikate 296. Maana yake ni kwamba kazi ya darasa zima kwa siku nzima haitoshi kifungua kinywa cha chuo kimoja! Mikate yote 14,800 ya mihula miwili ingeliwa na chuo hicho kwa siku 40 hivi, na hata tukitupa theluthi yake kwa kuungua au kudinda kuumuka, iliyobaki ingeliwa kwa siku 26. Wakati huo huo, lori la mzabuni huingia langoni kila alfajiri likishusha mkate kutoka kiwandani, likipita kando ya karakana ya uokaji iliyofungwa kwa kukosa unga.

Jambo hili si ndoto. Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Serikali ya Uswisi, kilijengwa pamoja na hoteli yake ili wanafunzi wajifunze kwa kuwahudumia wageni wanaolipa. Walioanzisha chuo hicho walielewa kuwa mpishi hafunzwi kwa vyakula vya maonyesho. Ajabu ni kuwa tulipovieneza vyuo vya ufundi kote nchini tuliiga kozi zake tukaisahau hoteli.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na moja kati yazo ni nzito. Ile ya sheria za ununuzi wa umma haiwezi kukosa ufumbuzi, kwa sababu hakuna sheria inayokilazimu chuo kununua kinachoweza kutengenezwa na karakana yake. Ile ya afya ni ya haki: karakana ikaguliwe na maafisa wa kaunti, wanafunzi wapimwe na kupata vyeti vya afya kama wafanyakazi wengine wa chakula, na mkate ukitaka kuvuka lango kwenda kuuzwa madukani, upate idhini ya Shirika la Viwango. Wenye viwanda vidogo mjini watalalamika kuwa chuo kinawanyang'anya soko, na hao wanaweza kutulizwa kwa kukataza mkate wa chuo kuuzwa nje kabisa.

Pingamizi nzito ni hii: karakana ikianza kulisha chuo, ni nani atakayezuia isigeuke kiwanda cha watumwa wasiolipwa? Mkuu wa chuo akizoea mkate wa bure, atataka mikate 375 kila siku bila kujali nani amejifunza nini. Mkufunzi aliye na haraka atamweka kijana mwenye mikono myepesi kwenye mashine na kumwacha hapo mwaka mzima, naye aliye mzito ataishia kufagia na kufunga mikate kwenye mifuko. Tumekwisha kuyaona haya katika mazoezi ya kazini, ambako mwanafunzi aliyetumwa miezi mitatu kwenda kujifunza uokaji hurudi akiwa hodari wa kusugua trei. Tena wengine hulipia nafasi hiyo.

Kwa hivyo mkate wa chuo usihesabiwe kwa idadi yake pekee. Kila mwanafunzi awe na daftari ambamo kila mkando wake utaandikwa: tarehe, joto la unga, la maji na la kinyunya, muda wa kuumuka, uzito kabla ya tanuri na baada, na kasoro iliyoonekana. Mkufunzi atie sahihi kando ya kasoro, wala si kando ya picha nzuri. Mtahini wa nje akija, alisome daftari hilo kisha amwambie mwanafunzi akande palepale, kwa unga asiouzoea. Asiye na mikando 50 asitahiniwe. Idadi hiyo ikiwa kanuni ya taifa, chuo kisicho na unga hakitaweza kutangaza kozi, na hapo ndipo wakuu wa vyuo watakapoanza kulitazama lori la mzabuni kwa jicho jingine.

Mataifa mengine yamefikia lengo hilo kwa njia tofauti. Ujerumani, kijana anayetaka kuwa mwokaji huwa mwanagenzi kwa miaka mitatu, siku nyingi za wiki akiwa kazini kwa mwokaji na chache akiwa shuleni, na hulipwa posho. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi ikaulinda mkate wenyewe. Amri ya mwaka 1993 ilieleza ni mkate gani unaostahili kuitwa wa jadi ya Kifaransa, ikakataza viambato vya kuongezea na kugandishwa kwa barafu. Na sheria ya mwaka 1998 ikasema kuwa hakuna duka litakalojiita la mwokaji ikiwa mkate haukukandwa, kufinyangwa na kuokwa papo hapo. Mwaka 2022 UNESCO ikauweka ufundi na utamaduni wa mkate wao mrefu katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Hatuhitaji kuiga amri hizo. Nazitaja ili mwanafunzi anayedharauliwa na wenzake kwa kusomea upishi ajue kuwa yapo mabunge yaliyokaa kuijadili kazi yake.

Labda mtu atasema kuwa nazungumzia ufundi wa kale. Mkate wetu mwingi hutoka viwandani, na viwanda hivyo ni warithi wa mbinu iliyobuniwa Chorleywood, Uingereza, mwaka 1961, ambapo mashine zenye nguvu hukikanda kinyunya kwa dakika chache na kuondoa saa za kungoja. Kuna haja gani basi ya kijana kubonyeza kinyunya kwa kidole? Haja ipo. Mashine haijui kuwa unga umebadilika. Siku mkate unapotoka na shimo katikati au ukaporomoka mabegani, kiwanda humwita mtu anayeweza kukigusa kinyunya na kusema kasoro ilianzia wapi. Mwendeshaji wa mashine asiyejua kinyunya hubakia kubonyeza vitufe huku mikate elfu kadhaa ikitupwa. Fauka ya hayo, kijana wetu huenda asiajiriwe na kiwanda kamwe. Huenda akaajiriwa na supamaketi yenye tanuri lake, au akafungua kibanda katika mji mdogo usiofikiwa na lori hadi saa nne za asubuhi. Huko atakuwa peke yake na gunia lake, na hesabu ya maji ya nyuzi 11.

Limebaki jambo moja ambalo wapangaji wa ratiba hawalitaji. Mkate wa kifungua kinywa huanza kukandwa saa nane au tisa za usiku. Vipindi vya vyuo vyetu huanza saa mbili asubuhi na kwisha saa kumi jioni, na mwanafunzi huhitimu bila kuwahi kuiona saa ambayo kazi yake hufanyika. Chuo kitakachokubali kuoka mkate wake kitalazimika kufungua karakana usiku, kulipa mkufunzi na mlinzi wa zamu hiyo, na kuwaruhusu wanafunzi walale mchana. Zaidi ya hayo, kitalazimika kuamua ni nani atakayewasindikiza wasichana kutoka bweni hadi karakana saa nane za usiku, njia iwe na taa, na lango lifunguliwe na nani. Mkuu wa chuo akinionyesha jibu la hayo kwa maandishi, nitaamini kwamba amenuia kufundisha uokaji.